Upasuaji wa Marudio kwa Mtoto Asiyeweza Kuzuia Haja Kubwa: Nani Hunufaika?

Katika kila watoto wapatao 5,000 wanaozaliwa hai, mmoja huzaliwa bila njia kamili ya haja kubwa. Utumbo wake, badala ya kufunguka mahali pake pa kawaida, huishia ndani kama mfuko uliofungwa, au hutoa njia nyembamba iitwayo fistula, inayofunguka mahali pasipostahili. Kwa mvulana, fistula hiyo mara nyingi huingia katika mrija wa mkojo. Kwa msichana, hufunguka nyuma tu ya mlango wa uke. Hitilafu hii hutokea katika wiki za mwanzo za ujauzito, wakati chumba kimoja cha mimba changa kinapopaswa kugawanyika kuwa njia ya mkojo mbele na njia ya haja nyuma. Si matokeo ya laana, wala ya kitu alichokula mama au kazi aliyoifanya akiwa mjamzito.

Tiba yake inajulikana. Watoto wengi hupitia hatua tatu: kwanza hufunguliwa kolostomia, yaani tundu la kutolea choo tumboni, kisha hutengenezewa njia mpya ya haja, na mwisho kolostomia hufungwa. Siku hiyo ya kufungwa kolostomia wazazi hupumua, wakiamini kwamba safari imefika mwisho. Kwa watoto wengi imani hiyo ni sahihi. Lakini wapo ambao miaka mitatu au minne baadaye bado wanachafua nguo mchana na usiku. Mtoto hufikia umri wa kwenda shule akiwa amefungwa nepi, wenzake humkwepa kwa sababu ya harufu, na mwalimu huomba abaki nyumbani. Hapo ndipo mzazi hurudi hospitalini na swali moja: je, mwanangu hawezi kupasuliwa tena ili apone?

Jibu la swali hilo si ndiyo kwa kila mtoto, wala si hapana kwa kila mtoto. Wapo ambao upasuaji wa marudio hubadilisha maisha yao, na wapo ambao huwaongezea makovu bila kuwapa nafuu yoyote. Makala haya yanaeleza namna ya kuwatofautisha, na yanachoweza kufanyiwa wale ambao kisu hakitawasaidia.

Nguzo tatu za kujizuia

Ili mtu aweze kuzuia haja kubwa, mambo matatu hufanya kazi kwa pamoja. La kwanza ni hisia: sehemu ya chini ya njia ya haja hutambua kama kilichoteremka ni hewa, majimaji au kinyesi kigumu, na mtu huhisi pia puru inapojaa na kutanuka. La pili ni misuli inayoizunguka njia hiyo na kuibana kwa hiari hadi wakati ufaao. La tatu ni mwendo wa utumbo wenyewe: puru hutunza kinyesi kwa saa nyingi, kisha hukisukuma chote kwa mkupuo mmoja.

Mtoto aliyezaliwa na hitilafu hii hukosa sehemu ya kila nguzo. Hisia za sehemu ya chini hazikuumbika vizuri, ingawa wengi huhisi puru inapotanuka. Misuli ipo, lakini kwa kiasi kinachotofautiana mno, toka iliyo karibu na ya kawaida hadi iliyo mikonde kama uzi. Na mwendo wa puru mara nyingi ni mzito, hivyo kufunga choo ndiko tatizo linaloonekana zaidi baada ya upasuaji. Katika kundi kubwa la wagonjwa wa Dakt. Alberto Peña, mpasuaji wa watoto kutoka Mexico, takriban robo tatu waliweza kwenda haja kwa hiari yao, ijapokuwa karibu nusu ya hao walichafua nguo mara mojamoja. Robo iliyobaki haikuweza kujizuia.

Dakt. Peña ndiye aliyebadilisha upasuaji huu. Kabla ya hapo wapasuaji waliivuta puru kutoka tumboni bila kuiona vyema misuli ya chini, wakitegemea zaidi kidole na uzoefu. Mwaka 1980 Peña alianza kumpasua mtoto akiwa amelala kifudifudi, kwa mkato ulionyooka katikati ya makalio, akaiona misuli yote na kuiweka puru katikati yake. Yeye na mwenzake Pieter de Vries walichapisha njia hiyo mwaka 1982. Mwaka 2000 Keith Georgeson na wenzake wa Marekani walieleza namna ya kufanya kazi hiyo kwa kamera kupitia matundu madogo tumboni, hasa kwa hitilafu zilizo juu. Ujuzi uliopatikana katika njia hizi ndio unaotumika pia katika upasuaji wa marudio.

Kosa la maumbile au la ufundi?

Mtoto anapovuja kinyesi baada ya upasuaji, sababu huwa katika moja ya makundi mawili, au yote mawili. Kundi la kwanza ni maumbile aliyozaliwa nayo. Mambo matatu hutabiri hali yake: aina ya hitilafu, ubora wa mfupa wa sakramu ulio juu ya kifandugu, na hali ya neva ndani ya uti wa mgongo. Mtoto ambaye fistula yake ilifunguka kwenye ngozi, jirani na mahali pa kawaida, ana matumaini makubwa sana ya kujizuia. Msichana mwenye fistula nyuma ya uke naye ana matumaini mazuri. Lakini mvulana ambaye fistula yake iliingia kwenye shingo ya kibofu huwa na misuli hafifu, na ni wachache tu wa kundi lake wanaofikia kujizuia.

Sakramu hupimwa kwa eksirei, kwa kulinganisha urefu wake na umbali kati ya mifupa ya nyonga. Kipimo cha karibu 0.7 au zaidi ni ishara njema. Kikiwa chini ya 0.4, mtoto hatarajiwi kujizuia, hata kama upasuaji ulifanywa kwa ustadi usio na dosari. Aidha, takriban robo ya watoto hawa wana uti wa mgongo ambao neva zake zimenaswa chini na haziwezi kupanda kadiri mtoto anavyokua.

Kundi la pili ni matatizo yaliyotokana na upasuaji au matunzo yaliyoufuata. Huenda njia mpya iliwekwa pembeni mwa misuli, au mbele yake, kiasi kwamba misuli inapojikaza haibani kitu. Huenda mshono ulifumuka kwa maambukizi, puru ikarudi juu, na njia ikasinyaa. Huenda mzazi hakuonyeshwa kupanua njia kila siku, kovu likaiziba taratibu. Huenda puru inachomoza nje kila mtoto anapojikamua, ute ukatiririka na hisia zikapungua. Huenda pia kipande cha fistula ya awali kiliachwa nyuma ya mrija wa mkojo, nacho husababisha mkojo kudondoka na maambukizi ya kujirudia. Matatizo ya kundi hili ndiyo yanayoweza kurekebishwa kwa kisu. Ya kundi la kwanza hayarekebishiki kwa kisu.

Uvujaji unaodanganya

Kabla ya kuzungumzia upasuaji, kuna kosa moja linalopaswa kuepukwa. Watoto wengi wanaoletwa kwa madai kwamba hawajizuii, kwa kweli wamefunga choo. Kinyesi kigumu kimejaa kwenye puru kwa wiki au miezi, puru imetanuka kupita kiasi, na majimaji ya kinyesi kipya hupenya pembeni na kuvuja bila mtoto kujua. Mzazi huona nepi inayochafuka mara kumi kwa siku na kudhani ni kuhara. Asipopimwa tumbo, mtoto huyo huweza kupewa dawa ya kuzuia kuhara, na hali huzidi kuwa mbaya.

Mhudumu wa zahanati anaweza kuligundua tatizo hili kwa mikono yake. Akikanda tumbo la mtoto upande wa kushoto chini na kuhisi uvimbe mgumu unaobonyea kama udongo, jibu limekaribia. Eksirei ya tumbo huthibitisha. Tiba ni kuuondoa kwanza mlundikano huo kwa enema za siku kadhaa, hadi eksirei au mikono ionyeshe kwamba utumbo umesafika. Ndipo mtoto huanzishiwa dawa ya kuchochea utumbo, kama sena, kila siku, kwa kiasi kinachoongezwa hadi apate choo kamili mara moja kwa siku. Kutoa dawa hiyo kabla ya mlundikano kuondolewa huleta maumivu makali na kutapika. Baada ya tiba hii, baadhi ya watoto walioonekana kuhitaji upasuaji huenda haja kwa hiari na kubaki wasafi. Kumrudisha mtoto wa namna hiyo kwenye chumba cha upasuaji ni kumwingiza hatarini bila sababu.

Ipo hali iliyo kinyume. Mtoto aliyeondolewa puru au sehemu kubwa ya utumbo wa chini hana tena ghala la kutunzia kinyesi. Choo chake ni laini na hupita mfululizo. Huyu husaidiwa kwa chakula kinachokausha choo, kama wali mweupe, ndizi mbivu na mkate mweupe, kwa kupunguza maziwa, vyakula vya mafuta na juisi za matunda, na kwa dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo. Somo kwa wapasuaji ni kwamba puru isiondolewe ovyo kwa sababu tu imetanuka.

Uchunguzi kabla ya uamuzi

Uamuzi wa kupasua tena haufanywi kwa kumtazama mtoto dakika tano kliniki. Hatua ya kwanza ni kuipata taarifa ya upasuaji wa awali: fistula ilikuwa wapi, njia gani ilitumika, shida gani zilifuata. Hatua ya pili ni kumchunguza mtoto akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Daktari hupitisha umeme hafifu kwenye ngozi kwa kifaa maalumu na kutazama misuli inapojikaza. Ikijikaza kuizunguka njia ya haja pande zote, njia iko mahali pake. Ikijikaza pembeni, sentimeta moja au mbili kutoka kwenye tundu, hapo kosa limeonekana kwa macho. Upana wa njia hupimwa pia wakati huohuo, na kwa mvulana mwenye dalili za mkojo, mrija wa mkojo huangaliwa kwa kamera.

Hatua ya tatu ni picha. Eksirei ya sakramu inapatikana karibu kila hospitali ya mkoa. Eksirei ya utumbo kwa dawa inayowekwa kupitia njia ya haja huonyesha kama puru imetanuka, imesinyaa au haipo kabisa. Uti wa mgongo huchunguzwa kwa ultrasaundi kabla mtoto hajatimiza miezi mitatu. Baada ya hapo mifupa huwa migumu na kipimo cha MRI ndicho hufaa. MRI ya nyonga huonyesha pia kama puru imepita katikati ya misuli. Mahali ambapo MRI haipo au familia haiwezi kuigharimia, uchunguzi wa nusukaputi pamoja na eksirei hizo mbili hutoa sehemu kubwa ya jibu.

Nani apasuliwe tena?

Anayenufaika zaidi ni mtoto mwenye sifa mbili kwa pamoja: amezaliwa na uwezo wa kujizuia, na kuna kasoro ya wazi inayomzuia kuutumia. Chukulia msichana aliyezaliwa na fistula nyuma ya uke, sakramu yake ni nzuri, neva zake hazikunaswa, lakini njia mpya iliwekwa mbele ya misuli. Huyu hapaswi kuachwa. Anayo misuli, anayo hisia, na kilichokosekana ni kuwekwa njia mahali pake. Kila mwaka anaopita bila kurekebishwa ni mwaka wa shule na wa utoto unaopotea.

Sasa chukulia mvulana ambaye fistula yake ilikuwa kwenye shingo ya kibofu, sakramu yake ina kipimo cha 0.3 na makalio yake ni bapa kwa sababu misuli ni kidogo. Hata kama njia yake imekaa pembeni kidogo, kuisogeza hakutamletea misuli na neva ambazo hakuzaliwa nazo. Kumpasua kwa ahadi ya kujizuia ni kuwapa wazazi matumaini ya uongo, na huenda wakauza ng'ombe au shamba kwa ajili hiyo.

Hata hivyo, kujizuia siyo sababu pekee ya upasuaji wa marudio. Njia iliyosinyaa hadi mtoto anashindwa kutoa choo, puru inayochomoza na kutoa damu, fistula iliyorudi, na kipande cha fistula kinacholeta maambukizi ya mkojo, vyote hustahili kurekebishwa kwa mtoto yeyote. Tofauti ni kwamba mzazi aelezwe waziwazi kinacholengwa: kwamba mtoto ataondokewa na maumivu au maambukizi, si lazima kwamba ataacha nepi.

Namna unavyofanyika

Upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko wa kwanza. Makovu huunganisha puru na mrija wa mkojo au uke, na mipaka iliyokuwa bayana hupotea. Wapasuaji wengi hufungua kwanza kolostomia ili kidonda kipone bila kuguswa na kinyesi. Kisha mtoto hulazwa kifudifudi, mkato hufanywa katikati, puru huachanishwa kwa uangalifu na kuwekwa katikati ya misuli, ambayo hushonwa kuizunguka. Hatari zake ni maambukizi, kufumuka kwa mshono, kujeruhiwa kwa mrija wa mkojo au neva, na kusinyaa upya kwa njia. Kila upasuaji hupunguza nafasi ya upasuaji unaofuata, ndiyo maana kazi hii yafaa ifanywe na daktari bingwa wa upasuaji wa watoto mwenye uzoefu nayo. Kwa Tanzania, madaktari hao hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, Bugando na KCMC.

Wiki mbili hivi baada ya upasuaji huanza kazi ya kupanua njia, mara mbili kwa siku, kwa vyuma laini vya Hegar. Ukubwa huongezwa polepole hadi ule wa umri wa mtoto: namba 12 kwa wa miezi mmoja hadi minne, namba 15 kwa wa mwaka mmoja hadi mitatu. Mzazi hufundishwa na kufanya mwenyewe mbele ya muuguzi kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kolostomia hufungwa njia ikishafikia ukubwa wake, si kabla.

Usafi bila kisu

Mtoto asiyefaa kupasuliwa tena hajaachwa bila tiba. Lengo lake hubadilika: badala ya kujizuia, anatafutiwa usafi. Utumbo wake huoshwa kwa enema mara moja kila siku, saa ileile, kisha hubaki mtulivu kwa saa 24 hadi enema ya kesho yake. Wengi huanza na takriban mililita 20 za maji ya chumvi kwa kila kilo ya uzito, na gliserini huongezwa inapohitajika. Maji ya chumvi huweza kutengenezwa nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, na chumvi gramu 9, sawa na kijiko kimoja na nusu cha chai, bila kurundika. Maji matupu yasitumike, kwani huharibu uwiano wa chumvi mwilini. Enema za fosfeti zisitumike bila ushauri wa daktari, kwa kuwa watoto hawa mara nyingi wana hitilafu za figo pia.

Baada ya enema mtoto hukaa chooni kama dakika 45, na mzazi huandika kama alichafuka kabla ya enema iliyofuata. Kwa wiki moja ya mwanzo kipimo hurekebishwa kila siku, ikiwezekana kwa msaada wa eksirei ya tumbo. Katika vituo vilivyobobea, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hubaki wasafi kwa utaratibu huu. Mtoto akikua na kutaka kujihudumia, kuna upasuaji mdogo uliobuniwa na Patrick Malone wa Uingereza mwaka 1990: kidole tumbo hufunguliwa kwenye ngozi ya tumbo, na maji huingizwa kupitia hapo kwa mpira mwembamba, mtoto akiwa ameketi chooni peke yake. Lakini hufaa tu kwa yule ambaye enema ya kawaida imekwisha kumfanikisha, kwa sababu hubadilisha mlango wa kuingizia maji na si matokeo yake.

Wajibu wa kila mmoja

Mkunga ndiye wa kwanza. Kila mtoto mchanga aangaliwe njia ya haja kabla ya kutoka wodini, kwa macho na si kwa kudhani kwa sababu choo kimeonekana kwenye nepi. Msichana mwenye fistula hutoa choo, na kwa sababu hiyo wengine hugunduliwa wakiwa wakubwa. Upasuaji wa kwanza uliopangwa vizuri, na kufanywa na mwenye ujuzi, ndio kinga bora dhidi ya upasuaji wa marudio.

Mhudumu anayeandika rufaa aeleze mambo manne: aina ya hitilafu kama inajulikana, tarehe na mahali pa kila upasuaji, hali ya choo na mkojo kwa sasa, na alichokihisi tumboni. Mzazi atunze kila karatasi ya kutoka hospitalini pamoja na kila eksirei, na kwa wiki mbili kabla ya kliniki aandike siku kwa siku mtoto amekwenda haja mara ngapi, alijua au hakujua, na nguo zilichafuka mara ngapi. Daftari hilo la kurasa chache humpa daktari mengi kuliko maelezo ya kukumbuka.

Muda mwafaka wa kuanza tathmini ni pale mtoto anapotimiza miaka mitatu, umri ambao wenzake wanaacha nepi. Tathmini ikianza wakati huo, uamuzi wa kupasua au kuosha utumbo huwa umefikiwa, na matokeo yake kuonekana, kabla ya siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Mtoto aliyepitwa na umri huo naye asikatiwe tamaa: wa miaka kumi au kumi na tano anastahili uchunguzi uleule, na kama hatafikia kujizuia, bado anaweza kukaa darasani akiwa msafi.